Mapaja yamejaa lakini anaanguka: tupime nini kwa mzee kama hatuna mashine?

Nesi_Mwambao

Habari za kazi wakuu. Naomba majibu ya kitaalamu, si ya kubahatisha.

Kliniki yetu ya presha na sukari iko ngazi ya zahanati, na wengi wanaokuja ni wazee wa miaka 60 kwenda juu. Kwenye daftari tumeongeza swali moja: "Umeanguka ndani ya miezi 12 iliyopita?" Majibu yanatuchanganya. Tulitegemea wanaoanguka wawe wale waliokonda, kigimbi kimeisha, nguo zinaning'inia. Hao wapo. Lakini wapo pia kina mama wa kilo 80 na ushee, mapaja yamejaa, ukiwatazama utasema hawa wana misuli ya kutosha.

Tulichonacho ni mizani, tepu, mashine ya presha, glukomita na saa ya simu. Kipima mshiko hatuna, na DEXA (mashine ya mionzi inayopima misuli, mafuta na mifupa) tunaisikia tu. Kwanza, kwa nini mtu mwenye mwili anaanguka? Pili, kwa vifaa hivi tupime nini chenye maana? Tatu, tunawaambia wote watembee nusu saa asubuhi. Inatosha?

---

Fizio_Kilombero

Salama, Nesi. Tepu ndiyo inayowadanganya. Inazunguka paja zima, na ndani ya paja kuna misuli, kuna mafuta ya chini ya ngozi, na kuna mafuta yaliyojipenyeza katikati ya misuli yenyewe, kama ile nyama ya bucha yenye mistari myeupe. Mafuta hayo yanaongeza unene na uzito, lakini hayavuti mfupa. Kwa hiyo wingi wa misuli na ubora wake ni vitu viwili. Ubora ni hivi: kilo moja ya misuli inatoa nguvu kiasi gani, na inaitoa upesi kiasi gani.

Utafiti wa Health ABC uliofuatilia wazee 3,075 wa miaka 70 hadi 79 katika miji ya Pittsburgh na Memphis, Marekani, ulikuta nguvu za miguu zinashuka takriban mara tatu ya kasi ya kupungua kwa misuli. Hata walioongezeka uzito walipoteza nguvu. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa sakopenia (kupungua kwa misuli na nguvu zake uzeeni) uliotoka mwaka 2019 unaanza kwa kupima nguvu, wingi unakuja baadaye kuthibitisha.

Mafuta si sababu pekee. Kadiri umri unavyokwenda, neva zinazoendesha misuli zinakufa mojamoja kwenye uti wa mgongo. Nyuzi za misuli zilizoachwa huchukuliwa na neva jirani, na mara nyingi zinageuzwa kuwa za polepole. Zinazoumia zaidi ni nyuzi za kasi. Sasa fikiria mzee amejikwaa kwenye kizingiti. Ana chini ya sekunde moja ya kurusha mguu mbele na kuusimamisha imara. Hapo haulizwi ana nguvu kiasi gani akipewa muda, anaulizwa anaweza kuitoa nguvu hiyo sasa hivi. Wenye kisukari wako pabaya zaidi: ubora wa misuli yao unashuka haraka, na wengine nyayo zimekufa ganzi, hawahisi ardhi.

Kupima sasa. Kwa kliniki yenu kipimo cha kwanza kiwe kuinuka kwenye kiti mara tano.

Tafuta kiti cha mbao kisicho na mikono, kimo sentimita 43 hadi 45, kiegemee ukuta. Cha plastiki usitumie, miguu yake inatanuka na kuteleza. Mzee akae, nyayo zote zikanyage chini, avuke mikono kifuani. Ajaribu mara moja bila kuhesabiwa. Akiweza, sema "anza", ainuke na kukaa mara tano upesi kadiri awezavyo, na usimamishe saa anaponyooka wima mara ya tano. Zaidi ya sekunde 15 ni nguvu ndogo kwa kipimo cha Ulaya; mwongozo wa Asia wa 2019 unachukua sekunde 12. Akitumia mikono andika "hawezi bila mikono" na usiweke sekunde yoyote. Hilo peke yake ni jibu, na ni jibu baya.

Makosa ninayoyaona kwenye kipimo hiki ni yaleyale: kiti kinabadilishwa kila mwezi, mzee hanyooki kabisa anapoinuka, au muuguzi anasimamisha saa leo akiwa wima na kesho akiwa amekaa. Mkifanya hivyo namba zenu hazilinganishwi.

Kuhusu kina mama wenu wa kilo 80, hii hesabu itawasaidia. Wati (nguvu na kasi kwa pamoja) za kuinuka = uzito kwa kilo × 0.9 × 9.81 × (nusu ya urefu wa mtu − kimo cha kiti, vyote kwa mita) ÷ (sekunde za mara tano × 0.1).

Chukua wanawake wawili wa mita 1.58, kiti cha mita 0.45. Wa kilo 84 anatumia sekunde 18, wa kilo 50 anatumia sekunde 13. Wa kwanza anatoa wati 140 hivi, wa pili 115. Ukiishia hapo utasema mnene ana nguvu zaidi, na ni kweli anazo. Sasa gawa kwa uzito: mnene ana wati 1.67 kwa kilo, mwembamba 2.31. Injini yake ni kubwa lakini mzigo umeizidi. Huyo ndiye anayeanguka, na ndiye mnayemwacha mkipima kwa tepu. Na mkiichunguza hiyo hesabu mtaona kwamba kwa watu wa urefu mmoja na kiti kimoja, wati kwa kilo zinategemea sekunde tu. Kwa hiyo kwenye foleni ndefu hamhitaji kikokotoo, sekunde zinatosha.

Ongezeni viwili vifupi. Mwendo: pima mita 4 sakafuni, mpe mita 1 ya kuanzia kabla ya mstari, atembee kawaida yake. Akitumia sekunde 5 au zaidi, yuko kwenye mita 0.8 kwa sekunde au chini, yaani polepole. Mizani ya mwili (uwezo wa kusimama bila kuyumba): asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, macho wazi, wewe ukiwa karibu ya kumdaka. Asipofika sekunde 10, yuko hatarini.

Tepu msiitupe. Kwa waliokonda kigimbi bado kinasema kitu: Asia wanashtuka chini ya sentimita 34 kwa mwanaume na 33 kwa mwanamke. Ila kwa mnene, au mwenye miguu iliyovimba, kigimbi kikubwa kisikupe amani.

Suala la kutembea nitarudi.

---

Mfamasia_wa_Kata

Kabla hamjafika kwenye mazoezi, mwombeni kila mzee aje na dawa zake zote kwenye mfuko. Zote, na za dukani na zile za "mizizi".

Ninachokitafuta kwenye mfuko huo kwanza ni deksamethasoni na prednisoloni. Huku kwetu zinanunuliwa bila cheti kwa maumivu ya viungo, wengine wanazitumia kuongeza mwili, na wakati mwingine zimesagwa ndani ya dawa inayouzwa kama ya asili. Zikitumika muda mrefu zinakula misuli ya mapaja na nyonga, tena zile nyuzi za kasi alizozisema Fizio. Mgonjwa anakuja uso wa mviringo, tumbo limejaa, ngozi inachubuka ovyo, na hawezi kunyanyuka kwenye kigoda. Ndugu wanasema amenawiri! Sukari na presha navyo vinapanda, kwa hiyo anaishia kwenye kliniki yenu hiyohiyo. Angalizo: aliyetumia zaidi ya wiki tatu msimwambie aache leo. Mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake, anaweza kuanguka presha na kufa. Mpelekeni kwa daktari apunguziwe taratibu.

Za pili ni zinazolevya: diazepamu, amitriptilini, na vidonge vya mafua na mzio vyenye klorofenamini (piritoni) ambavyo wazee wengi wanameza ili wapate usingizi. Akiamka saa nane usiku kwenda msalani bado dawa iko kichwani.

Za tatu ni za presha na tezi dume zikizidi: hidroklorothiazidi, furosemidi, prazosini, tamsulosini. Hapa mashine yenu ya presha inafanya kazi. Alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka akisimama. Kumpima amekaa tu hakuioni, na mazoezi hayaitibu.

Na glibenklamidi kwa mzee asiyekula vizuri ni hatari, sukari inashuka ghafla. Aliyeanguka asubuhi kabla ya chai, mpimeni sukari palepale.

---

Lishe_na_Sufuria

Naongeza la chakula kwa sababu bila malighafi mazoezi hayajengi kitu.

Mzee anahitaji protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akiwa anaugua au anapona, 1.2 hadi 1.5. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo asiongezewe bila daktari. Kwa mzee wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, na inasaidia zaidi ikigawanywa, kila mlo upate kama 25. Hapo ndipo tunapokosea: asubuhi chai ya rangi na kiazi au mkate, mchana ugali mwingi na mboga za majani, usiku mabaki. Siku nzima imepita bila mlo hata mmoja uliofika 25.

Makadirio ya kupangia: yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa cha mililita 250 gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, dagaa wakavu gramu 30 (kiganja kimoja) kama 17, karanga gramu 30 zina 7 au 8, ugali wa gramu 100 za unga una 8. Kwa hiyo mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi, maharage na ugali mchana, dagaa na ugali mdogo usiku, umefika zile gramu 60 za siku. Wasio na meno: dagaa wachambuliwe vichwa, wakaangwe bila mafuta, watwangwe unga, vijiko vitatu au vinne kwenye mchuzi au uji. Chumvi ioshwe kwanza kwa maji ya moto kwa wenye presha.

Kwa kina mama wa kilo 80, msiwaambie "punguza kula" mkaishia hapo. Anayepungua kwa kufunga mdomo tu, takriban robo ya kilo zinazotoka si mafuta, na humo misuli imo. Anapunguza mzigo na injini pamoja. Punguza wanga na mafuta ya kukaangia, protini ibaki, na mazoezi ya nguvu yaende sambamba.

Vitamini D: asiyetoka nje kabisa au anayejifunika mwili mzima anaweza kuwa na upungufu, apewe dozi ndogo za kila siku. Zile dozi kubwa za mkupuo achaneni nazo. Jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2010 liliwapa wanawake wazee uniti 500,000 mara moja kwa mwaka, wakaanguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa.

---

Nesi_Mwambao

Asanteni sana, hii ya kupima presha amesimama tulikuwa hatuifanyi kabisa.

Fizio, usisahau la kutembea. Na kuna jambo jingine: wazee wengi wa hapa maisha yao ni ya chini. Wanakaa kwenye mkeka, jiko la mafiga, choo cha kuchuchumaa. Kuna bibi mmoja ameanza kuswali kwenye kiti kwa sababu akisujudu hainuki. Mazoezi ya kiti yanawafaa hawa?

---

Fizio_Kilombero

Yanawafaa, na huyo bibi ameshakupa kipimo bila saa. Mtu aliyekuwa akiinuka kwenye mswala mara kadhaa kwa siku, akahamia kitini bila kuumia goti wala kupooza, nguvu zimeshuka chini ya kinachohitajika. Ulizeni hilo swali kwenye kliniki, pamoja na "unashuka chooni bila kushika?"

Kutembea: kunasaidia moyo, sukari na usingizi, lakini peke yake hakujathibitika kuzuia kuanguka. Kinachozuia ni mazoezi ya mizani pamoja na ya nguvu. Mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kulinganisha tafiti) ya mwaka 2019 yalikuta mazoezi yanapunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23, na mapitio mengine ya mwaka 2017 yalikuta programu zenye mizani zilizozidi saa 3 kwa wiki zikifanya vizuri zaidi. Mzee asiyeweza kusimama kisigino kwa vidole sekunde 10, ukimtuma barabarani atembee haraka kwenye mawe, umemwongezea nafasi za kuanguka.

Programu ya kuanzia, siku 3 kwa wiki, ikipishana siku moja ya kupumzika. Haitaki kifaa cha kununua.

Kuinuka kitini: seti 2 za mara 8. Asiyeweza, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti hadi afikie kimo anachoweza bila mikono, kisha upunguze kunjo moja kila wiki au mbili. Akimaliza mara 12 kwa urahisi siku mbili mfululizo, ongeza mzigo: pakti ya unga ya kilo 2 kifuani, baadaye dumu la lita 5. Siri iko kwenye kasi. Apande upesi kadiri awezavyo, kama sekunde moja, ashuke polepole kwa sekunde tatu. Kupanda haraka kunaamsha nyuzi za kasi. Kushuka taratibu ndiko kutakakomsaidia chooni na kwenye ngazi. Apumue nje akipanda, asibane pumzi.

Kuinua visigino: ashike fremu ya mlango, seti 2 za 10 hadi 15. Kisha ageuke, mgongo ukutani, ainue vidole vya miguu mara 10. Hii ya vidole inadharauliwa, na ndiyo inayozuia ncha ya mguu kugonga kizingiti.

Mguu pembeni: amesimama ameshika meza, apeleke mguu upande bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10 kila mguu. Soksi yenye mchanga nusu kilo kwenye kifundo, ikiwa rahisi kilo 1, na kuendelea. Programu ya Otago ya New Zealand, iliyojaribiwa kwa wazee wa miaka 80 na zaidi, inafanya hivihivi kwa vifungo vya uzito. Kuanguka kwa ubavu ndiko kunakovunja nyonga, na misuli hii ndiyo inayokushikilia usiende ubavuni.

Mizani: miguu pamoja, halafu mguu mmoja nusu hatua mbele, halafu kisigino kwa vidole, sekunde 10 kila moja mara tatu. Afanyie kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yake na kiti mbele. Katikati ya uwanja marufuku.

Ugumu wa kazi, jinsi mzee mwenyewe anavyousikia, uwe 5 au 6 kati ya 10 mwezi wa kwanza, kisha 7 hadi 8. Kosa kubwa la wahudumu ni woga: mzee anapewa zoezi la kuchezesha mikono kitini miezi sita, uzito uleule, halafu tunasema mazoezi hayafanyi kazi. Mwaka 1990 Boston walifundisha wazee wa miaka 90 hivi kwa uzito mkubwa wiki 8, nguvu ya paja ikapanda kwa wastani wa asilimia 174 wakati ukubwa wa misuli uliongezeka asilimia 9 tu. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo ubora tunaouzungumzia.

Maumivu ya goti hadi 3 kati ya 10 yanayotulia kesho yake yanavumilika. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au presha ya 180/110 na zaidi, siku hiyo hakuna zoezi.

Wa mkekani wafundishwe kuinuka kutoka chini kwa hatua: ageuke ubavu, ajisukume kwa mikono hadi apige magoti na viganja, atambae hadi kwenye kigoda kizito au kitanda, aweke mikono juu yake, mguu wenye nguvu mbele nyayo ikikanyaga, asukume. Mfundisheni akiwa mzima. Akishaanguka peke yake hatakumbuka kitu kipya, na kulala sakafuni muda mrefu kunaleta madhara yake, hata kama hakuvunjika.

---

TibaKazi_Mtaani

La choo, kwa ufupi. Choo cha kuchuchumaa kinadai nguvu nyingi kuliko kiti chochote, na kinadaiwa usiku, gizani, sakafu imelowa. Chomeka nguzo au bomba la inchi moja na nusu mbele kidogo ya tundu upande wa mkono wenye nguvu, sehemu ya kushika ianzie kimo cha sentimita 40 hadi 120. Ukuta wa udongo au tofali mbichi usifungie kishikio, utang'oka naye. Chimba sentimita 60 na umwagie zege. Asiyechuchumaa tena, fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kimo 45, miguu iliyotanuka kidogo na vipande vya tairi chini. Usiku ndoo yenye mfuniko ibaki chumbani. Malapa yaliyolika soli yatupwe, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma, na kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu.

---

Nesi_Mwambao

Nimeelewa. La mwisho: tuwapime tena baada ya muda gani, na tofauti ya sekunde ngapi tuihesabu?

---

Fizio_Kilombero

Wiki 8 hadi 12, kiti kilekile, saa ileile ya siku ikiwezekana. Sekunde moja msiihesabu, inaweza kuwa ya mpimaji. Zikipungua mbili na zaidi, mmefika mahali. Wiki 4 za kwanza nguvu inapanda kwa sababu neva zinajifunza, kigimbi hakitasogea kwenye tepu, msikate tamaa. Aliyelazwa hospitali katikati ya programu mpimeni upya siku anayorudi: siku 10 za kitandani zinaweza kuondoa karibu kilo moja ya misuli ya miguu hata kwa mzee mwenye afya, kwa hiyo huyo anaanza tena na blanketi kwenye kiti.